Mafunjo Si Pori: Kabla Hujafyeka Ukingo wa Ziwa, Nisikilize Kwanza

Leo sitaongelea bei ya nyanya wala kanitangaze. Nataka tuongee habari ya ukingo wa ziwa, maana naona panga zinanolewa.

Wiki mbili zilizopita walikuja ofisini vijana watano wa kikundi kimoja, upande huu wetu wa Ghuba ya Mwanza. Wamejipanga vizuri kwelikweli. Wana katiba, wana akaunti benki, wana pampu ya petroli, na hesabu ya tikiti maji wameiandika kwenye daftari mpaka gharama ya kamba. Walichotaka kwangu kilikuwa kidogo tu: barua ya kuunga mkono maombi yao ya kusafisha eneo la mafunjo, kama ekari tatu hivi, ili walime kiangazi.

"Bwana shamba, pale ni pori tu," mwenyekiti wao akaniambia. "Hakuna mtu analitumia. Udongo mweusi tii, na maji yako hapo hapo."

Sikuandika ile barua. Waliondoka wamenuna, na siwalaumu, kwa sababu siku ile sikujieleza vizuri. Nilitaja sheria, nikataja mazingira, basi. Kijana anayedaiwa mkopo huwezi kumwambia "mazingira" halafu ukanyamaza. Kwa hiyo leo najieleza, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Niliwahi kusema ndiyo

Nilipokuwa mgeni kazini, kikundi kingine kwenye ghuba ndogo nyingine kiliniomba jambo hilo hilo. Nilikuwa na cheti kipya na hamu ya kuonyesha matokeo. Mimi mwenyewe nilisimama ukingoni na mabuti ya mpira, nikawaonyesha pa kuanzia kufyeka.

Mwaka wa kwanza nyanya zilitoka, we acha tu. Mwaka wa pili nazo zilitoka. Mwaka wa tatu maji ya ziwa yalipanda, mawimbi yakapiga udongo ambao haukuwa tena na mizizi ya kuushika, na matuta yote ya mbele yakaenda na maji. Tope likajaa mpaka pampu ikawa inavuta uji. Vijana wakagawana hasara, kikundi kikafa.

Hiyo ni hasara ya kwanza, ile iliyoonekana kwenye daftari. Ya pili niliambiwa na mzee mmoja aliyekuwa akitega ndoano za kambare mahali pale tangu ujana wake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mmebomoa chumba cha kuzalia." Nikadhani ni maneno ya wazee. Imenichukua miaka kuelewa kwamba siku ile, kati yangu na yeye, mtaalamu alikuwa yeye.

Ziwa lina vyumba

Ukisimama kilimani ukitazama Ziwa Victoria unaona maji tu. Kilomita za mraba zipatazo 68,800, maji matupu. Ndiyo maana tunalichukulia kama beseni moja kubwa, kwamba ukiharibu pembeni kidogo, kwingine bado kupo.

Lakini wewe ni mkulima. Unajua kwamba shamba la ekari kumi halifanani lote. Kuna bonde linalotuama maji, kuna kichuguu, kuna sehemu ya changarawe. Mpunga huupandi kwenye changarawe, na mihogo huiweki kwenye dimbwi. Ziwa nalo liko hivyo hivyo. Lina miamba, lina fukwe za mchanga, lina sakafu ya matope, lina mafunjo na matete, lina midomo ya mito, lina maji ya wazi yenye kina. Kila sehemu ina wapangaji wake.

Chukua sato. Dume huchimba kiota kwenye kina kifupi, hasa penye mchanga, na jike hubeba mayai mdomoni mpaka watoto watoke. Hao watoto nao hukulia pembezoni penye majani, siyo katikati ya ziwa. Chukua dagaa, yeye ni wa maji ya wazi. Chukua ningu, ambaye wazee wa hapa humkumbuka kwa mate mdomoni: mvua zikifurisha mito hupanda kwenda kuzaa. Tulipoanza kumtegea nyavu kwenye midomo ya mito akiwa na mayai tumboni, tukammaliza. Kambare naye hungoja mafuriko aingie kwenye nyasi zilizozama, azalie humo. Kamongo hutengeneza kiota chake ndani ya kinamasi.

Umeona mpango ulivyo? Samaki mmoja anaweza kuhitaji vyumba viwili au vitatu katika maisha yake. Ukibomoa kimoja, hata kama vingine vimesimama, yule samaki anakosa mlolongo wake. Na ukilifanya ziwa lote liwe chumba cha aina moja, utabaki na samaki wa aina moja au mbili. Hiyo ndiyo hoja yangu yote leo: maji yenye sehemu za namna nyingi ndiyo yenye samaki wa namna nyingi.

Furu walivyotufundisha kwa uchungu

Tuwaangalie furu, hawa samaki wadogo ambao wengi wenu mnawadharau. Wanasayansi wanasema ziwa hili lilikauka karibu miaka 15,000 iliyopita kisha likajaa tena. Katika muda huo, ambao kwa kalenda ya dunia ni mfupi sana, zilitokea aina zaidi ya 500 za furu. Wapo waliokwangua ukungu wa majani kwenye mawe, wapo waliovunja konokono, wapo waliokula wadudu wa matope, wapo waliokula samaki wenzao. Kila kona ya ziwa ikapata furu wake.

Kisha miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 akaletwa sangara. Kwa miaka mingi hakusikika sana. Miaka ya 1980 akalipuka. Kabla ya hapo furu walikuwa kama asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sehemu za chini za ziwa. Ndani ya miaka michache wakaporomoka, na inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka kabisa. Sangara hakuwa peke yake kwenye kesi hii. Uvuvi na uchafuzi wa maji navyo vilichangia.

Sasa swali la msingi: waliobaki walibaki wapi? Waliopigwa zaidi ni wale wa maji ya wazi na wa sakafu ya matope, sehemu ambazo hazina pa kujificha. Waliopona kwa wingi ni wa kwenye miamba, na wa kwenye mafunjo.

Miamba inaeleweka haraka: sangara mkubwa hapiti kwenye mwanya wa jiwe. Mafunjo ni hadithi ya kuvutia zaidi. Ndani kabisa ya mafunjo maji yametulia, kuna kivuli na majani yanayooza, na hewa ya oksijeni iliyomo majini ni kidogo. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, kwa hiyo akiingia humo anakabwa. Kamongo ana mapafu, kambare ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, na baadhi ya furu wanavumilia. Uganda, kwenye Ziwa Nabugabo lililo pembeni mwa Victoria, ambako sangara pia alipandwa miaka ya 1960, watafiti waliona jambo hilo hilo: samaki wa asili wengi walijibanza kwenye kinamasi na pembezoni mwake. Wakakuta hata kuna furu wadogo wa kinamasini wenye mashavu ya kupumulia makubwa kuliko ndugu zao wa maji ya wazi. Kenya, kwenye kinamasi cha Yala, Ziwa Kanyaboli lililozungukwa na mafunjo limewahifadhi ngege, wale sato wa asili ambao ndani ya Victoria yenyewe wamekuwa nadra sana.

Kwa hiyo lile "pori" ambalo mwenyekiti wangu alisema hakuna mtu analitumia, ndilo lililokuwa ghala la mbegu wakati ziwa zima linaungua. Sehemu moja ikiharibika, nyingine huwa imebaki na akiba.

Hata mwanga ni chumba

Utasema, "Bwana shamba, mimi shamba langu liko juu huko, mita mia tano, sijagusa mafunjo wala jiwe." Sawa. Lakini udongo wako unakwenda wapi mvua ikinyesha?

Humu humu ghubani kuna furu wawili wa kwenye miamba ambao ni kama ndugu. Dume wa mmoja ni wa bluu. Dume wa mwingine ni mwekundu, na jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Kwenye maji maangavu, kwa mfano kisiwa cha Makobe, yule wa bluu anakaa juu karibu na uso wa maji, na mwekundu anakaa chini zaidi, ambako mwanga unaofika ni wa wekundu. Majike huwachagua madume kwa rangi, kila mmoja na wake, na aina zikabaki mbili.

Njoo sasa kisiwa cha Luanso, ndani zaidi ya ghuba, ambako maji ni ya tope. Mwanga haushuki. Jike haoni vizuri nani bluu nani mwekundu. Huko aina mbili hazipo. Kuna mchanganyiko mmoja. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliliandika jambo la rangi, tope na uchaguzi wa wenza mwaka 1997, na baadaye wakaendelea kulifuatilia.

Hebu fikiri: mwamba upo, haujaguswa na mtu, lakini vyumba viwili vimegeuka kimoja kwa sababu ya tope. Na tope linatoka wapi? Sehemu yake inatoka kwa sisi tunaolima kwa kufuata mteremko na kuacha udongo uchi mwezi wa tatu. Nyingine ni mbolea inayotiririka, inalisha ukungu wa kijani, maji yanakuwa supu. Kwa hiyo tuta la kinga maji huko juu kilimani ni kazi ya uvuvi pia, ingawa hakuna mvuvi atakayekuja kukushukuru.

Najua mtaniambia nini

La kwanza: "Mafunjo yana mbu, nyoka, na wakati mwingine mamba na kiboko." Kweli. Sitakudanganya kwamba ni bustani ya maua. Lakini ukiyafyeka, kiboko hahami wilaya. Anapanda kwenye tikiti zako.

La pili: "Humo ndani hakuna samaki wa kuuza." Ni kweli nusu. Ukitupa wavu katikati ya mafunjo hutapata sangara wa kiwandani. Lakini nenda kwenye mstari ule mafunjo yanapokutana na maji ya wazi, uangalie wavuvi wa ndoano wanapenda kukaa wapi. Pale chakula kinatoka ndani, na watoto wa samaki wanakimbilia ndani. Ghala la mbegu nalo haliuzi gunia kila siku, lakini bila ghala hakuna msimu.

La tatu, na hili ndilo lenye uzito: "Wakubwa wameshafyeka kwao na hakuna aliyewagusa. Kwa nini tuzuiwe sisi tusio na kitu?" Hapa sina jibu tamu. Ni dhuluma, nami nimeiona kwa macho. Ila kufyeka kwako hakumwadhibu yule mkubwa. Yeye mawimbi yakibeba shamba lake ana jingine. Wewe una lile moja na mkopo juu yake.

La nne wananiambia wafugaji wa vizimba: "Sisi samaki wetu tunawalisha wenyewe, mafunjo yanatuhusu nini?" Yanakuhusu kuliko mtu yeyote. Samaki wako wamefungwa. Maji yakikosa oksijeni hawana pa kukimbilia. Mafunjo ndiyo yanayochuja udongo na mbolea kabla havijafika kwenye maji yanayopita kizimbani kwako. Ukifyeka ukingo halafu ukaweka kizimba mbele yake, umekata bomba la hewa la mgonjwa wako mwenyewe.

Kwenu ndugu wa pwani

Najua mnaosoma mpo pia Tanga, Mafia, Unguja na Pemba, na mafunjo hamna. Ila kanuni ni ile ile kwenye maji ya chumvi. Mnayo mikoko, nyasi bahari na matumbawe, na wako samaki wanaohama kati ya hivyo vitatu kadiri wanavyokua. Baadhi ya changu, kwa mfano, wakiwa wadogo hukulia kwenye nyasi bahari na mikoko, wakikua ndipo hutoka kwenda kwenye matumbawe. Nawaomba hasa mnaolima mwani: msing'oe nyasi bahari ili kupata uwanja safi wa kupigia vigingi. Tafuteni sehemu yenye mchanga mtupu. Nyasi zile ni mafunjo yenu.

Sasa tufanyeje?

Sipendi kuandika makala ya kukataza tu. Haya ndiyo ninayoyashauri, na ndiyo nitakayowaambia wale vijana watano.

*Pima mita 60.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Mimi nakushauri uanze kupima pale mafunjo yanapoishia upande wa nchi kavu. Hapo hutakosana na mtu wala na maji.

*Fungua njia moja, usifungue uwanja.* Kwa ajili ya pampu unahitaji kijia cha upana wa mtu kupita. Pampu zetu hizi zinasukuma maji vizuri kuliko zinavyoyavuta, kwa hiyo iweke karibu na maji, nunua mpira mrefu, sukuma mpaka shambani. Weka karai chini ya pampu lidake petroli na oili inayovuja. Gharama ya mpira ni kubwa, najua, lakini utaukunja ukae nao misimu kadhaa. Tuta lililochukuliwa na maji hulikunji.

*Vuna mafunjo, usiyang'oe.* Kata mashina kwa ajili ya majamvi, uzio na matandazo ya kwenye nyanya. Acha mizizi. Kata kwa zamu, kipande hiki msimu huu, kile msimu ujao, na usiguse kabisa ukanda wa mbele unaotazama maji. Yatarudi yenyewe.

*Usioshe bomba la dawa ziwani.* Wala ndoo ya kuchanganyia. Osha shambani, mwaga kwenye udongo mbali na mfereji. Dawa za wadudu haziulizi kama huyu ni kanitangaze au ni uduvi, na uduvi ni chakula cha samaki.

*Acha mawe yalipo.* Kugonga kokoto kutoka kwenye miamba ya ukingoni kunalipa siku moja. Mwamba haukui tena.

*Mfuga samaki, toka kwenye ghuba iliyofungana.* Tafuta kina na mahali maji yanapopita, ili mabaki ya chakula yasijazane chini ya kizimba. Na bwawa la kuchimba usilichimbe ndani ya kinamasi; lichimbe juu yake.

*Linda kilima.* Makinga maji, matandazo, mabingobingo kwenye kingo za matuta. Mbolea gawa mara mbili au tatu, usimwage yote siku moja mvua ikiwa imefunga.

Jumatatu nakwenda

Nimempigia simu mwenyekiti wa kile kikundi. Hakupokea mara ya kwanza. Mara ya pili alipokea, akasema, "Ndiyo, bwana shamba," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kata tamaa na wewe. Nikamwambia Jumatatu nitakuja na kamba niliyoipima mita 60, tutembee pamoja kutoka mafunjo yanapoishia, tuone kamba inafika wapi. Kwa ninavyolijua eneo lile, inafika kwenye kichaka cha mwenye shamba mmoja ambaye hajalima miaka mingi. Ekari mbili zinapatikana pale, labda kwa kukodi. Ni ekari moja pungufu ya walichotaka, na mpira wa maji utakula sehemu ya faida ya msimu wa kwanza. Nimeshawaambia hivyo, sikuwaficha.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na ile barua?"

Nikamwambia barua ya kukodi kichaka nitaiandika hata leo. Ile ya mafunjo niliwahi kuiandika mara moja, kwa watu wengine, na mzee wa kambare bado ananidai.

Tukutane shambani.